Heda za kitabu chenye mafaili mengi: tuziandike kwa mkono au kompyuta ijaze yenyewe?

Wakuu wa steshenari na wapanga vitabu wa Mtwara na Lindi, hili tulijadili wazi maana linatugharimu. Mwenzetu wa Lindi mjini anasema kuhangaika na staili (muundo wa maandishi uliopewa jina) ni kupoteza muda, mteja analipa kwa ukurasa, heda, yaani ule mstari wa jina la sura juu ya ukurasa, unaiandika tu kwenye kila faili unasonga mbele, na wengi wamemuunga mkono. Mi nakataa.

Nilipewa kijitabu cha wakulima wa korosho, sura 9, kila sura faili lake. Nikafanya kama tunavyofanya wote, nafungua faili la sura iliyoisha, naseivu kwa jina jingine, nafuta maandishi namwaga mapya. Sura ya 4 ilikuwa Kupulizia Salfa, mambo ya ugonjwa wa ubwiriubwiri, ya 5 ikawa madaraja ya korosho ghalani, na heda ya hiyo ya 5 sikuigusa, ikabaki inasema Kupulizia Salfa. Tumekuja kuliona kopi 300 zimeshabaindiwa. Mzee mmoja akafungua mbele yangu, wala hakwenda kwenye yaliyomo, akawa anapeperusha kurasa kwa kidole gumba anasoma pale juu tu, akasimama kwenye madaraja, akaniuliza, "Mwanangu, vipimo vya dawa mbona sivioni?" Kwa kweli iliniuma, maana yule mzee alifuata njia niliyomwekea mimi.

Sasa wapo wanaosema weka kitabu kizima kwenye faili moja. Nawaelewa, ila kwa umeme wetu unavyokatika na hizi mashine za ramu 4, faili la kurasa 200 lenye picha likiharibika limeondoka na kazi yote. Mafaili mengi sawa tu, shida ni kila faili kuwa na sheria yake.

InDesign, programu ya kupanga kurasa, ina faili la buku, unaingiza sura zote humo, moja unaiteua iwe chanzo cha staili, halafu kwenye masta peji, ule ukurasa mama ambao kurasa zingine zinaufuata, huandiki jina la sura kabisa, unaweka variabo ya heda, yaani alama inayojijaza yenyewe kwa kuvuta maneno ya aya yenye staili ya kichwa cha sura. Ukisinki buku, yaani ukiamuru sura zote zifuate ile chanzo, masta, staili na variabo zinaenda kwenye sura zote, mwandishi akibadili jina la sura dakika ya mwisho heda nayo inabadilika. Wa Word mnayo fildi ya StyleRef inayovuta maneno vilevile, na LibreOffice wameileta toka toleo la 7.6 mwaka 2023. Ila kile kitufe cha Word cha kuunganisha heda na sekisheni iliyopita kinafanya kazi ndani ya faili moja tu, hakivuki kwenda faili jingine, msikitegemee.

Na jina la staili liwe lilelile kila faili. "Kichwa Sura" na "KichwaSura" ni vitu viwili, ukichanganya heda haitavuta kitu.

Ninapokwama ni jina refu. Kwenye matoleo ya zamani ya InDesign variabo haikatiki kwenda mstari wa pili, inabanana mpaka herufi zinapandana, na hapo wa kuandika kwa mkono wananishinda hoja. Sasa mliowahi kupanga vitabu vya majina marefu, jina la kwenye heda mnalifupisha wenyewe au mnamrudia kwanza mwandishi?