Naomba ushauri: baiskeli ya mbio au ya chuma kwa safari za mara mojamoja?

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, natafuta baiskeli ya mtumba. Wikiendi naendesha lami tu, kwenda Arusha na kurudi, ila mara chache napenda kufunga mzigo wa kilo 10 hivi na kwenda mbali. Safari ijayo ni Lushoto, kupitia Same na Mombo.

Nimeona mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza ni ya mbio, fremu ya alumini, nyepesi kweli (moyo uko huku, sitaki kuficha). Lakini haina matundu ya kufungia keria, na tulipojaribu tairi la milimita 28 liligusa fremu. Gia yake nyepesi kabisa ni meno 34 mbele, 28 nyuma. Ya pili ni ya chuma, nzito, ina matundu yote, inameza tairi la 35 na mbele ina sahani tatu za meno. Fundi anasema ile ya mbio nitafunga keria kwa klempu (kibano cha kukaza kwa skrubu) kwenye bomba la siti. Sijashawishika.

Waliowahi kupanda Mombo hadi Lushoto na mzigo: gia ya 34 kwa 28 inatosha? Na klempu inahimili kilo 10 bila kulegea njiani?