Alhambra na nyanya wa miaka 71 na watoto wawili: tiketi, majina, na siku ya Córdoba

Kutoka: mwanachama, Rotterdam

Assalaam aleikum wanajumuiya. Likizo ya Aprili twataka kwenda Granada, jumla watu watano: watu wazima wawili, nyanya aliyekuja kutoka Mombasa kwa viza ya kutembelea jamaa iliyotolewa na Uholanzi, na watoto wa miaka 9 na 2. Nina maswali matatu. Nyanya atahitaji viza nyingine ya Hispania? Kwenye tovuti naona aina tele za tiketi za Alhambra, ipi ndiyo? Na Córdoba, yafaa kwenda na kurudi siku moja?

Kutoka: mwanachama, Málaga

Waaleikum salaam. Naanza na tiketi, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Usikate treni wala usilipie hoteli kabla hujaishika saa ya kuingia Palacios Nazaríes, yaani makasri ya wafalme.

Alhambra si jengo moja. Ni mji mzima juu ya kilima: kuna ngome ya Alcazaba, kuna makasri ya wafalme wa Banu Nasr, na ng'ambo ya bonde dogo kuna bustani za Generalife. Ngome na bustani zina nafasi ya kutosha. Makasri vyumba vyake ni vidogo, kwa hiyo watu huingizwa kwa mafungu, kila nusu saa na watu wake. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya makasri peke yake. Ukichelewa, fungu lako limepita. Hakuna cha "nilikuwa bustanini". Wala hakuna kurudi: kila sehemu tiketi inasomwa mara moja, ukitoka umetoka.

Tiketi mnayoitaka inaitwa Alhambra General. Kosa la kila siku ni kununua ile ya Jardines, Generalife y Alcazaba kwa sababu ni nafuu na bado ipo wakati nyingine zimekwisha. Hiyo haiingii makasri, na mtu huligundua hilo akiwa tayari mlangoni. Za usiku nazo ni tiketi mbalimbali, makasri kivyake na bustani kivyake, na ngome haimo. Kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili, achaneni na usiku.

Nunueni kwenye tovuti ya Patronato de la Alhambra y Generalife, taasisi inayosimamia mahali penyewe. Ukitafuta mtandaoni, yanayotangulia kutokea mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa kati wenye kurasa zinazofanana na za serikali. Bei huko imepanda na wakati mwingine unachonunua ni ziara ya kuongozwa, siyo tiketi. Aprili hujaa mapema sana, hasa karibu na Pasaka. Mkikuta hakuna, chungulieni tena mara kwa mara, kwani tiketi zilizoachwa hurudi moja moja. Kupata tano za saa moja kwa njia hiyo ni bahati, kwa hiyo msingoje.

Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, lakini lazima wakatiwe tiketi, hata huyo wa miaka miwili. Waongezeni kwenye manunuzi yale yale. Punguzo la wazee limewekewa raia wa Umoja wa Ulaya, na mlangoni huombwa uthibitisho, kwa hiyo bibi mkatieni tiketi kamili.

Sasa njia. Basi la C30 linapanda kutoka Plaza Isabel la Católica. Kwa miguu ni Cuesta de Gomérez kutoka Plaza Nueva, mwendo wa kama dakika 20 wa kupanda mwinuko mkali. Kwa mtu wa miaka 71, basi. Lango la tiketi liko juu kabisa, upande wa Generalife, na kutoka hapo hadi makasri ni robo saa ya kutembea bila kusimama kupiga picha. Hesabuni nusu saa na mzee na mtoto. Mkiwa na tiketi kwenye simu hamna haja ya kufika huko juu kwanza: shukeni kituo cha Puerta de la Justicia, lango kubwa la mwaka 1348, pandeni kidogo tu mko uwanja wa mbele wa makasri. Anzeni na Alcazaba ikiwa mmewahi, kisha makasri, halafu malizieni bustani, ambako mtoto anaweza kukimbia.

Kigari cha mtoto ni mzigo humo: ngazi, vizingiti, milango myembamba. Mbeleko inakishinda. Begi la mgongoni hata likiwa dogo mtaambiwa mlivae kifuani, sababu kuta ni za jasi iliyochongwa na kila bega linalopita linaimega. Na chukueni sweta. Granada iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Aprili si ya mchezo.

Kutoka: mwanachama, Berlin

Naongezea la majina, maana sisi wa majina matatu tunateswa sana na fomu za Kihispania. Tiketi ya Alhambra ina jina na namba ya kitambulisho, na mlangoni wanataka pasipoti au kitambulisho chenyewe, siyo picha kwenye simu. Fomu ina nafasi ya jina na nafasi ya ukoo. Mhispania ana koo mbili, ya baba na ya mama. Wewe usijaribu kuligawa jina la babu ili ujaze. Fungua pasipoti, kilichoandikwa kwenye mstari wa ukoo kiweke kwenye ukoo, yaliyobaki yote kwenye jina. Kama pasipoti inakaribia kwisha, ibadilishe kwanza ndipo ununue tiketi, au siku ya safari beba zote mbili, mpya na ya zamani.

Kuhusu viza ya bibi: viza ya Schengen (ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya) iliyotolewa na Uholanzi inamruhusu kuingia Hispania, ilimradi siku zilizoandikwa kwenye viza hazijaisha na safari yenyewe hasa ni ya Uholanzi. Angalieni siku alizopewa, siyo tarehe ya mwisho tu. Viza inaweza kuonyesha miezi mitatu kumbe siku ni 30. Abebe pasipoti na karatasi ya bima. Nyinyi wenye vibali vya ukaazi bebeni kibali pamoja na pasipoti, hata kama ndani ya Schengen huwa hamuulizwi.

Kutoka: mwanachama, Leicester

Kwa walioko Uingereza wanaofuatilia uzi huu: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Hispania. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anaomba viza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipelekwe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Hapa ndipo ile shauri ya kununua tiketi kwanza inapogeuka: viza kwanza.

Kutoka: mwanachama, Málaga

Ni kweli, dada, asante.

Sasa Córdoba. Inawezekana kwenda na kurudi kwa treni ya kasi, kama saa moja na nusu kila upande. Fikeni stesheni mapema, mizigo inapitishwa kwenye mashine na geti hufungwa kabla treni haijaondoka. Lakini mkiweza, laleni usiku mmoja. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, Mezquita, ule msikiti wa kale wa Córdoba, huingiwa bure na vikundi havipo. Jumapili inafungwa katikati kwa ajili ya misa.

Jengo lilianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza miaka ya 780, likawa kanisa kuu mwaka 1236 na ndivyo lilivyo mpaka leo. Mwambieni nyanya kabla hajafika: kuswali humo ni marufuku, na walinzi humfuata mtu hata akisimama tu mbele ya mihrabu na kuinua mikono. Ni bora alijue hoteli kuliko kuambiwa mbele ya watu. Tazameni nguzo. Nyingi zilitolewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, zikawa fupi kwa ukumbi mkubwa kiasi hicho, ndiyo maana fundi akapandisha tao juu ya tao, mawe meupe na matofali mekundu kwa zamu. Na kibla chake kinaelekea zaidi kusini kuliko Makka iliko, msishangae dira ikikataa.

Pa kuswali ni Granada, msikiti wa mtaa wa Albaicín uliofunguliwa mwaka 2003, pembeni mwa Mirador de San Nicolás, uwanja wa kutazamia mandhari. Basi la C31 linapanda kutoka Plaza Nueva. Bustani yake inaitazama Alhambra uso kwa uso, bila msongamano wa pale Mirador.

Kutoka: mwanachama, Muscat

Kama nyanya anasoma Kiarabu, mpeni yeye kazi ya kuongoza ndani ya makasri. Maneno "wa la ghaliba illa Allah", hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamerudiwa kuta nzima. Ndilo lile lile shina la "aghalabu" yetu. Kwenye uwanja wa simba 12, asitazame simba peke yao: ukingo wa bakuli umezungukwa na beti za mshairi Ibn Zamrak zinazosifu maji yenyewe. Waliozoea zidaka za Lamu watauona undugu wa mchoro, ila kule ni chokaa ya matumbawe na huku ni jasi, laini zaidi, ndiyo maana imechongwa nyembamba hivyo. Mkalisheni kwenye ukumbi wa mabalozi, chini ya dari ya vipande zaidi ya 8,000 vya mbao. Kutazama juu kwa kusimama kunaumiza shingo na foleni ya nyuma inasukuma. Kaeni upande wa ukuta.