Besi anafuata chambo kisha anageuka, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaovua samaki aitwaye besi mdomo mpana (largemouth bass). Ziwani navua kando ya mayungiyungi na magogo yaliyozama, maana hapo ndipo anapovizia. Alfajiri napata wawili watatu kwa nyungunyungu wa plastiki, ila jua likipanda ni kimya kabisa. Juzi maji yalikuwa maangavu, nikamwona mmoja mkubwa akitoka chini ya gogo, akakifuata chambo taratibu mpaka karibu na miguu yangu, mapezi yakitikisika, kisha akageuka na kurudi kivulini. Roho iliniuma kweli.

Nibadilishe nini: rangi, niweke mshipi mwembamba zaidi, au nipunguze mwendo? Huwa navuta haraka, na nahisi kosa liko hapo. Mchana mnashusha chambo kwenye kina au mnabaki kivulini?

Na kwenye vijito mnaanzia wapi? Mimi hutupa nyuma ya mawe, mkondo unapotulia. Halafu dume anayelinda mayai huwa namwacha, kwani akiondolewa samaki wengine huyala. Nyie majira hayo mnafanyaje? Nitashukuru sana.