for, while read au xargs: lupu ya seva inakata njiani, nyie mnatumia ipi?

mtu_wa_seva
Wakuu habari za jioni. Nina faili seva.txt lina seva 14, kila mstari jina moja, nataka skripti ipite moja moja iniulize kwanza, nikijibu n ya ndiyo iingie kwa ssh (kuingia seva kwa mbali) iwashe upya nginx, ile programu inayohudumia tovuti. Nimeandika hivi:

```
while read -r s; do
  read -p "Niwashe $s? n/h " jibu
  [ "$jibu" = n ] && ssh "$s" sudo systemctl restart nginx
done < seva.txt
```

Swali halitokei kabisa, inamaliza bila kugusa seva hata moja. Nikitoa swali inafanya seva ya kwanza tu halafu kimya, wala haitoi era. Nimekaa nayo tangu mchana.

binti_terminal
Pole mkuu. Tumia for tu, `for s in $(cat seva.txt)`, hapo kibodi inabaki huru na swali litakuja. Ila ni kwa majina yasiyo na nafasi ndani, maana for inakata kila penye nafasi, na ikikuta nyota inaigeuza kuwa majina ya mafaili ya folda uliyopo.

fundi_bash
for itamvusha leo lakini tumwambie na chanzo jamani. Ukiweka `< seva.txt` pale kwenye done, kila kitu kilicho ndani ya lupu kinakula sinia moja, yaani hilo faili. read yako ya pili inachota jina la seva inayofuata inadhani ndo jibu lako, na -p haionyeshi swali kama anayelisha si kibodi. ssh nayo ikiingia inasomba mistari yote iliyobaki, lupu inakuta sinia tupu inatoka. Mpe faili mlango wake, hapa namba 3:

```
while IFS= read -r s <&3; do
  ...
done 3< seva.txt
```

Kibodi inabaki yako, swali linakuja, na sudo ikitaka paswedi unaongeza `ssh -t`. Kama hakuna maswali kabisa, `ssh -n` inatosha.

kaka_cron
Mi napenda xargs, inapokea majina na kuyalisha amri moja moja, `xargs -P 4 -I{} ssh {} ...` inapiga seva nne kwa mpigo. Na ukiweka -p badala ya -P 4 inakuuliza yenyewe kabla ya kila moja, unajibu y.

binti_terminal
Hiyo ya nne nne usiitumie kwenye seva zinazobeba wateja, konfigi ikiwa mbovu unaangusha nne kabla hujashtuka. Na atakayekuja kupendekeza `yes |` naomba asipendekeze, inakubali kila kitu mpaka kile ambacho ungekikataa. Expect, programu inayojibu maswali badala yako, ipo tangu 1990 na inafanya kazi, ila watu wanaishia kuandika paswedi wazi ndani ya skripti, wakati ssh-copy-id, inayoweka ufunguo wako kwenye seva ili ssh isikuulize paswedi, ni amri moja tu.

mtu_wa_seva
Nimefuata ya fundi_bash, maswali yanakuja vizuri asanteni sana. Ila zimepita 13, ile ya mwisho hata haijaulizwa.

fundi_bash
Faili lako halina enter kwenye mstari wa mwisho. Andika `while IFS= read -r s <&3 || [ -n "$s" ]; do`.

mtu_wa_seva
14. Ubarikiwe kaka.