Belosi ya bomba la moshi imepasuka tena: bomba jipya nilichore vipi?

Mwenye swali: Assalaam alaykum wakubwa zangu. Ninasimamia ukarabati wa tagi (meli ndogo ya kuvuta meli nyingine) hapa Mombasa, yenye injini ya dizeli ya mipigo minne. Bomba lake la moshi lina urefu wa mita 10 kutoka kwenye tabochaja (mashine inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) hadi kwenye sailensa (kipunguza kelele), na kipenyo cha milimita 400. Karakana iliyotangulia ilichomelea vishikizo vyote moja kwa moja kwenye chuma cha meli, na baada ya miezi michache belosi, yaani kipande cha bomba chenye mikunjo kinachonyumbuka, ikapasuka. Nilipoifungua nilikuta ufa kwenye mkunjo wa tatu, na masizi yameganda pande zote za ufa huo. Kwa kuwa boriti ya sitaha inabana njia, nafikiria kupunguza kipenyo hadi milimita 350. Naomba ushauri kabla sijakata chuma.

Chifu Mstaafu, Likoni: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiilaumu belosi. Chuma kikipanda joto kwa nyuzi 350, kila mita hurefuka takriban milimita 4, kwa hiyo bomba lako linadai nafasi ya milimita 40 na ushei, na likikuta limebanwa kila mahali litasukuma palipo dhaifu, yaani belosi na tabochaja yenyewe. Weka kishikizo kimoja tu kisichosogea, mara tu baada ya belosi, kibebe uzito ili tabochaja isiubebe. Vingine viwe vya kuteleza au vya springi, na belosi ya pili ikae kabla ya sailensa. Flanji (sahani za kuungia mabomba) zisipokutana, tafadhali usizivute kwa bolti.

Fundi wa Mbaraki: Kaka, hicho kipenyo cha milimita 350 kiache kabisa. Kasi ya moshi itaongezeka kwa karibu theluthi moja, na upotevu wa shinikizo katika bomba lililonyooka utakaribia maradufu. Kwa injini nyingi kubwa kikomo cha shinikizo la nyuma, yaani ukinzani wa bomba dhidi ya moshi unaotoka, huwa karibu milimita 300 za kimo cha maji, lakini fuata kitabu cha injini yako. Likizidi, tabochaja hukosa nguvu, joto la moshi hupanda na valvu huungua. Ipishe boriti kwa kona pana.

Mwenye swali: Nimewaelewa, nabaki na 400. Je, mvua ya masika ikiingia juu?

Chifu Mstaafu, Likoni: Toboa tundu la kutolea maji mahali pa chini kabisa, kabla maji hayajaifikia tabochaja. Kisha livike bomba lote kizuia joto, flanji zikiwemo, kwani kanuni za SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) zinataka kila sehemu inayozidi nyuzi 220 ambayo mafuta yanaweza kuirukia ifunikwe.