Fundi wa kazi tu, mkandarasi, au kampuni ya ramani na ujenzi: nani nimkabidhi nyumba?

Mwenye_Kiwanja

Wakuu, habari za muda huu. Ramani ipo, kibali kimetoka, kiwanja kimesafishwa. Kilichobaki ni kuamua nani anajenga, na hapo ndipo nimekwama. Nyumba ni ya chini, vyumba vitatu, paa la bati.

Nina njia tatu mezani. Ya kwanza ni fundi mkuu na vijana wake: yeye analeta nguvu kazi, saruji, nondo, mchanga na kokoto nanunua mwenyewe. Huyu ndiye wa bei ya chini, tena kwa mbali. Ya pili ni mkandarasi aliyesajiliwa, vifaa na kazi juu yake, bei moja mpaka mwisho. Ya tatu ni kampuni yenye wasanifu na mafundi wake yenyewe. Wanasema nitapokea ufunguo tu, ila wanataka kuichora upya ramani yangu.

Niko kazini kutwa, saiti nitafika mwisho wa wiki. Mke wangu yuko upande wa mkandarasi. Baba mkwe anasema fundi, maana ndivyo alivyojenga yeye. Mliojenga, mlipimaje?

Timazi

Ndugu, mimi ni fundi, kazi hii nimeanza nikiwa kijana wa kubeba zege. Bei ya fundi ni ya chini kwa sababu kazi ya usimamizi umeibeba wewe. Kuna mtu lazima aagize mchanga kabla haujaisha, apokee lori, ahesabu mifuko inayoingia stoo na inayotoka, atafute maji siku yakikatika. Mkandarasi anakutoza kwa hayo yote. Kama unafika saiti mwisho wa wiki tu, huyo mtu nani? Baba mkwe wako alipojenga huenda alikuwa anashinda pale, muulize.

Nikirudi kwa fundi mwenyewe: usimpime kwa picha za simuni. Muombe akupeleke kwenye nyumba mbili, moja inayoendelea na nyingine ambayo watu wanaishi tangu mvua kadhaa zilizopita. Kwenye ile ya zamani angalia pembe za madirisha, ndipo nyufa huanza, na angalia chini ya kuta kama rangi inababuka kwa unyevu. Ongea na mwenye nyumba fundi akiwa mbali.

Kwenye inayoendelea, muombe akuonyeshe alivyoshika pembe mraba. Anayejua kazi atavuta kamba, apime mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha apime mshazari: lazima usome mita 5 kamili. Ukiona anakadiria kwa jicho, shukuru uondoke. Msingi ukienda upande, utaliona kosa kwenye paa na kwenye vigae, na hapo hakuna wa kulirekebisha.

MamaWatatu

Mimi nilichukua mkandarasi, na nyumba ninayokaa namshukuru Mungu. Lakini kaka, jihadhari na hiyo "bei moja". Nilipokea bei za wakandarasi watatu na kwa siku kadhaa sikuweza kuzilinganisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepigia hesabu nyumba tofauti. Mmoja hakuweka shimo la maji taka wala mifereji ya paa. Mwingine aliandika "milango" bila kusema ya mbao gani, na vigae aliviacha kwangu. Aliyekuwa wa chini kuliko wote, ukimwongezea alivyoviacha, alikuwa wa kati.

Kilichonisaidia ni kumlipa mkadiriaji majenzi atoe mchanganuo mmoja kutoka kwenye ramani: futi au mita za msingi, idadi ya tofali, nondo za milimita ngapi, bati la unene gani, lipu mita ngapi za mraba. Nikawapa wote watatu karatasi ileile, wajaze bei tu. Hapo ndipo unaona nani anapandisha wapi. Na ukitaka kubadilisha kitu katikati ya ujenzi, bei yake unayo tayari, hamgombani.

Nondo12

Mhandisi hapa. Nakubaliana na wote wawili, ila naona swali kubwa bado halijaulizwa. Ukishachagua yeyote kati ya hao watatu, nani ataangalia kazi kwa niaba yako? Fundi hawezi kujikagua. Mkandarasi pia. Hata ile kampuni ya tatu: mhandisi wake analipwa na kampuni, na siku ambayo ubora unagongana na ratiba, anajua mshahara unatoka wapi.

Niwaeleze siku ya kumwaga zege, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi huharibika. Mchanganyiko umekuwa mzito, vijana wamechoka, mmoja anaongeza ndoo ya maji ili koleo lipite kwa urahisi. Kwa mfuko wa kilo 50, maji ya lita 25 hivi yanatosha, na mchanga ukiwa umelowa yanatakiwa kupungua. Yakifika lita 35, theluthi ya nguvu ya zege inaweza kuondoka. Mtafiti wa zege Duff Abrams alilionyesha jambo hili kwa vipimo kule Chicago mwaka 1918, na mpaka leo watu wanaongeza ndoo. Zege likishakauka huwezi kujua kwa macho. Linaonekana la kawaida kabisa.

Kisha kuna kumwagilia. Zege linahitaji unyevu walau siku 7 za mwanzo, na nguvu yake ya kuhesabiwa tunaipima siku ya 28. Fundi anayelipwa kwa hatua anataka kupanda kozi ya kwanza ya tofali kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu: yeyote utakayemchukua, tafuta mhandisi wako wa kuja kwenye zile siku ambazo kazi inafunikwa. Mitaro ikishachimbwa, kabla ya zege. Nondo zikishafungwa, kabla ya zege: aone kama zimeinuliwa kutoka ardhini walau sentimita 5 kwenye msingi, kama ringi, zile pete za chuma zinazozishika nondo, zipo zote, kama maungio yamepishana vya kutosha. Nondo ya milimita 12 ipishane na mwenzake kama sentimita 60. Halafu lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, halafu mbao za paa kabla ya bati. Siyo ziara nyingi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa.

Timazi

Nondo12 umesema kweli kuhusu ndoo. Niongeze tu kwamba fundi mzuri hamchukii mhandisi. Anayenuna akisikia kuna mkaguzi anakuja, jibu umeshalipata.

Kivuli_cha_Mwembe

Naitetea kidogo njia ya tatu maana wote mmeikimbia. Ndugu yangu alijenga akiwa mbali na nyumbani, hana mtu wa kumwakilisha, na kampuni ya namna hiyo ilimfaa. Ufa ukitokea, msanifu hawezi kumsukumia fundi na fundi hawezi kumsukumia msanifu, wote ni nyumba moja. Kwa mtu asiye na muda hilo lina thamani kubwa. Ila kwa Mwenye_Kiwanja ramani ipo na kibali kimetolewa kwa ramani hiyo. Kuichora upya ni kurudi kwenye foleni ya kibali. Mimi ningewauliza kwa nini. Kama sababu ni ya kihandisi, waiandike. Kama ni kwa sababu mafundi wao wamezoea aina moja ya nyumba, hiyo ni faida yao, siyo yako.

Na kitu kingine ambacho hakijasemwa ni mpangilio wa malipo. Jirani yangu alilipa zaidi ya nusu kabla kuta hazijafika lenta. Mkandarasi akahamisha vijana kwenye saiti nyingine, na nyumba ikasimama bila paa mvua mbili. Pesa ifuate kazi: msingi mpaka jamvi (zege la sakafu), kuta mpaka mkanda wa zege wa juu, kupaua, lipu na sakafu, umaliziaji. Kila hatua ikaguliwe, ndipo ilipwe. Na asilimia 5 au 10 ibaki mkononi mwako miezi 6 mpaka 12 baada ya kukabidhiwa, ili mvua ipite na kinachovuja kirekebishwe.

Mwenye_Kiwanja

Nawashukuru sana, wote. Kwa maneno ya Timazi fundi wa kazi tu ameshatoka, sina mtu wa kushinda saiti. Kampuni niliwapigia leo kuuliza sababu ya kubadilisha ramani, hawakuwa na jibu la maandishi. Nabaki na mkandarasi, na mhandisi wangu pembeni. Ila mkandarasi anataka asilimia 40 ya awali, anasema anunue vifaa vyote kwa mkupuo kabla bei haijapanda. Nimkubalie?

Nondo12

Hapana, mkuu. Nondo na bati vinaweza kununuliwa mapema vikakaa, mradi vimefunikwa na kuinuliwa kutoka chini. Saruji haiwezi. Ikikaa stoo miezi mitatu inavuta unyevu na kupoteza nguvu, ukiukamata mfuko unasikia mabonge ndani. Kwa hiyo "vifaa vyote" haina mantiki ya kiufundi.

Mwambie hivi: utalipia vifaa vya msingi peke yake, vikishafika saiti na kuhesabiwa. Kama wasiwasi wake kweli ni bei ya nondo, nenda naye dukani, lipa wewe moja kwa moja, risiti iandikwe jina lako na kiasi hicho kikatwe kwenye mkataba. Mkandarasi mwenye mtaji wa kuanzia atalikubali hilo bila shida. Akikataa na hilo, mchukue yule wa pili kwenye orodha yako.