Tupeane uzoefu: P2, ulipristal au kitanzi? Kwa wanachuo

Mfamasia: Kabla ya kuuliza njia ipi ya dharura ya kuzuia mimba, hesabu saa zilizopita tangu tendo la ngono bila kinga. Levonorgestrel, hiyo wengi mnayoiita P2, humezwa ndani ya saa 72, na kila unavyochelewa nguvu yake inapungua. Usingoje wikendi iishe. Dozi kamili ni miligramu 1.5. Pakiti nyingine ina kidonge kimoja, nyingine ina viwili vya 0.75, vikiwa viwili, meza vyote kwa mpigo. Yale maelekezo ya zamani ya kungoja saa 12 ndiyo yanayofanya cha pili kisahaulike. Ukitapika ndani ya saa 3, rudia dozi.

Muuguzi, uzazi wa mpango: Naongezea ulipristal, kidonge kingine cha dharura, miligramu 30, hadi saa 120 baada ya tendo. Yai likikaribia kutoka, hii inaweza bado kulichelewesha wakati P2 imeshashindwa. Ila ukiitumia, subiri siku 5 kabla ya kuanza vidonge vya kila siku au sindano, maana homoni hizo huiharibia kazi. Ukimeza P2 unaanza siku hiyohiyo.

Na jamani, kitanzi cha shaba kinasahaulika mno! Kikiwekwa na mtaalamu kwenye mfuko wa uzazi, kabla ya siku 5 kupita tangu tendo, wanaoshika mimba hawafiki mmoja kati ya 100, kisha kinaendelea kukulinda kwa miaka. Hata ambaye hajazaa anawekewa. Mimi ningetaka kitajwe cha kwanza.

Tabibu: Taja dawa zote unazotumia. Rifampicin ya kifua kikuu, efavirenz ya VVU, na za kifafa kama carbamazepine na phenytoin hulifanya ini livunje homoni haraka. Hapo kitanzi ndiyo chaguo bora. Kikikosekana, P2 huongezwa hadi miligramu 3. Mwenye uzito wa zaidi ya kilo 70 naye aulize, kwani dozi ya kawaida inaweza isimtoshe.

Muuguzi: Kosa ninalolikemea kila mara ni kudhani kidonge kimekukinga mwezi mzima. Kinachelewesha yai tu, kwa hiyo tendo la siku chache baadaye bila kinga ni hatari zaidi. Pia hakitoi mimba iliyokwisha kutunga.

Mfamasia: Wala hakizuii VVU. Kama kuna wasiwasi huo, au umebakwa, omba PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, safari hiyohiyo. Nayo mwisho wake ni saa 72. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba kwa mkojo. Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.